Maleba na Sauti ya Darth Vader: Tathmini ya Filamu za Star Wars

Katika filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, Darth Vader, adui katika hadithi hii ya vita vya anga, anaingia kupitia mlango uliolipuliwa, mweusi tangu utosini hadi nyayoni, ndani ya korido nyeupe iliyojaa askari wenye deraya nyeupe, huku moshi ukiwa bado haujatulia. Hajatamka neno na hakuna aliyemtaja jina, lakini mtazamaji amekwisha kujua nani wa kuogopwa. Kazi yote hiyo imefanywa na maleba. Nimezirudia filamu hizi ili kupima jinsi mavazi na toni ya sauti vinavyomjenga adui huyu, na msimamo wangu ni kwamba Vader hutisha pale anapoachwa afiche mengi, na kwamba kila mara watengenezaji walipotaka aonyeshe zaidi walimpunguza.

Mchoraji Ralph McQuarrie ndiye aliyempa barakoa, na sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: katika muswada wa awali Vader alipaswa kuvuka anga tupu kutoka chombo kimoja hadi kingine, kwa hiyo alihitaji kitu cha kupumulia. Brian Muir akaifinyanga, na John Mollo, ambaye kabla ya hapo alikuwa bingwa wa historia ya sare za kijeshi, akasimamia mavazi na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Ujuzi wake wa sare unaonekana. Kofia ile inamkumbusha mtazamaji kofia ya samurai wa Japani na papo hapo kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili, ila haimruhusu aseme kwa uhakika kwamba ni hii au ile. Weusi wenyewe pia si wa namna moja, kwa kuwa kofia inang'aa, ngozi ya suti inameta kidogo, na joho linameza mwanga wote, ndiyo maana hata anaposimama tuli katika chumba chenye giza umbo lake halipotei. Kisha kuna lile kasha la vitufe na taa kifuani, ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Hiyo ni mashine ya mgonjwa. Siri ya mtu huyu imetundikwa kifuani pake tangu siku ya kwanza, wazi kabisa, nasi tunaichukulia kuwa pambo la vita.

Mwili ndani ya suti hiyo ulikuwa wa David Prowse, mnyanyua vizito kutoka Bristol aliyekaribia urefu wa mita 2, lakini sauti ilikuwa ya James Earl Jones, ambaye kwa ombi lake mwenyewe hakuorodheshwa katika filamu mbili za mwanzo. Wengi wetu tunamfahamu zaidi kama Mufasa, baba simba wa katuni ya The Lion King ya mwaka 1994, na inashangaza jinsi koo lilelile lilivyoweza kumtuliza mtoto huku na kumtetemesha mtu mzima kule. Pumzi zake nazo zilitengenezwa na Ben Burtt, mtaalamu wa sauti, kwa kurekodi kupitia kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Pumzi hizo haziendi mbio hata anapopigana. Adui mwingine angehema. Huyu anapangiwa pumzi na mashine, kwa hiyo hasira yake haisikiki mahali tulipozoea kuisikia.

Ni vyema kukiri kwamba toni hiyo haikukamilika mara moja. Katika filamu ya 1977 Vader hupaza sauti, humfokea Princess Leia, binti wa kifalme aliye upande wa waasi, na anapomkaba ofisa mmoja kwa nguvu zisizoonekana, Tarkin, kamanda mzee mwenye sare ya kijivu isiyo na madoido, anamwamuru amwachie, naye anatii. Ni mwaka 1980, katika The Empire Strikes Back iliyoongozwa na Irvin Kershner, ndipo sauti iliposhushwa na hofu ikapanda. Tazama kifo cha Admeri Ozzel. Vader yuko mbali naye, anazungumza kupitia skrini, na wakati Ozzel akikosa hewa Vader anaendelea kumpa maagizo ofisa mwingine, kisha anampandisha cheo palepale, kwa sauti ya mtu anayesoma ajenda ya kikao. Ukatili umegeuzwa kuwa shughuli ya ofisi. Hapa wapenzi wa filamu zilizotafsiriwa na madijei wetu wanapaswa kuonywa: ninawaheshimu watafsiri hao, na bila wao steringi wengi wasingejulikana mitaani, lakini anayemtazama Vader huku mtafsiri akizungumza juu ya sauti ya asili anapoteza nusu ya mhusika.

Filamu hiyohiyo ina tukio fupi ninaloliona kuwa kilele cha usanii wa maleba katika mfululizo mzima. Piett, yule ofisa aliyepandishwa cheo, anaingia na kumkuta Vader amempa mgongo, kofia ikiwa inashushwa na mashine, na kwa sekunde chache anaona kisogo chenye makovu. Hatuonyeshwi uso. Tunaonyeshwa uso wa Piett, na unatosha.

Return of the Jedi ya mwaka 1983 inavuna kilichopandwa. Luke, shujaa wa hadithi na mwana wa Vader, aliyeanza na nguo nyeupe, sasa amevaa nyeusi kama baba yake, na anapomkata Vader mkono na kuona nyaya, anautazama mkono wake mwenyewe wenye glavu nyeusi. Hakuna anayetueleza maana yake, na hakuna haja. Barakoa inapovuliwa, sauti nayo inavuliwa, kwa kuwa uso mweupe uliodhoofika ni wa Sebastian Shaw na maneno machache ya mwisho ni ya koo lake, membamba na ya kichovu. Kabla ya hapo kuna wakati ambapo Vader anamtazama mwanawe akiteswa na Kaizari, bwana anayemtumikia Vader, kisha anamtazama Kaizari, kisha tena mwanawe. Barakoa haibadiliki hata kidogo, lakini kila mtazamaji ameona mtu akiamua. Ndiyo maana uamuzi wa mwaka 2011 wa kuongeza kilio cha "Hapana!" katika tukio hilo, kwenye toleo la Blu-ray, naona ulikuwa uharibifu. Kilio kama hicho kilikwisha kutumika mwaka 2005 mwishoni mwa Revenge of the Sith, ambapo suti mpya inamfunga Anakin, jina la Vader kabla hajawa Vader, kwa mara ya kwanza kwa uzuri wa kutisha, pumzi ya kwanza inasikika, halafu ukelele mmoja unavunja yote.

Rogue One ya mwaka 2016, filamu nyingine ya Star Wars, iko katikati ya kufaulu na kuharibu. Tukio la mwisho koridoni, ambapo pumzi zinatangulia gizani kabla ya upanga wake wa mwanga mwekundu kuwaka, linastahili sifa zake, ingawa linamfanya Vader kuwa mwuaji hodari zaidi kuliko mtu wa kuogopwa. Ule utani wa maneno anaoutoa anapomkaba Krennic, ofisa mwenye uchu wa madaraka, haukuwa na nafasi kinywani mwake.

Kwa anayetaka kumjua adui huyu, ningependekeza filamu tatu za mwanzo kwa mpangilio wa miaka zilipotoka, kwa sauti ya asili na spika zenye besi nzuri, kwani spika za simu haziwezi kubeba koo la Jones. Akipata toleo la 1983 lisilo na kilio kilichoongezwa, alichague hilo.