Mashine ya kusagia kahawa nyumbani: tatu nilizozitumia Unguja, na ile niliyobaki nayo

Kwa muda mrefu nyumbani kwetu, Kikwajuni, kahawa haikuhitaji mashine. Buni zilikaangwa, zikatwangwa kinuni, zikapitishwa kwenye chekeche, na unga uliopatikana ukatiwa kwenye dele ukachemka juu ya makaa pamoja na kipande cha tangawizi. Kahawa chungu ya namna hiyo, inayonywewa kwa kikombe kidogo na kashata au kipande cha halua, haidai unga ulio sawasawa, kwa sababu huchemshwa hasa, kisha huachwa itulie na machicha yakabaki chini. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji ambaye kahawa yake ni hiyo tu asitumie fedha zake bure. Kinu na mchi vinamtosha.

Haja ya mashine ilinijia nilipoanza kuchuja kahawa kwa karatasi, nikitumia buni za arabika kutoka Mbozi na Mbinga. Njia hii ni nyingine kabisa. Kahawa haichemki, maji ya moto humiminwa juu yake taratibu na kupita kwa muda wa dakika tatu hivi, na kipimo changu ni gramu 15 za kahawa kwa mililita 240 za maji. Katika dakika hizo vumbi la kahawa hutoa kila kilichomo ndani yake, pamoja na ule uchungu unaokausha ulimi, ilhali chenga kubwa zinakuwa bado hazijatoa ladha yake ipasavyo na huacha uchachu. Vumbi na chenga vikikutana katika karatasi moja, mnywaji hupata uchungu na uchachu katika kikombe kimoja, na hakuna sukari wala ustadi wa kumimina utakaoyatenganisha. Zaidi ya hapo, vumbi huziba karatasi, maji yakasimama. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza mashine yoyote ni kama chembe inazozitoa zinalingana. Mwendo wake, sura yake na idadi ya vitufe vyake ni mambo ya baadaye.

Mashine yangu ya kwanza niliinunua dukani Darajani kwa Sh 40,000. Ilikuwa ya umeme, yenye visu viwili vinavyozunguka chini ya kikombe, kama vile vya blenda. Muuzaji aliniambia, "Hii haina kazi, dada, unabonyeza tu," na kwa hilo alisema kweli. Tatizo ni kwamba visu havisagi. Hukata chochote kinachovifikia, na kilichokwisha kukatwa hukatwa tena na tena. Nilisaga gramu 20 kwa sekunde 20, nikazipitisha kwanza kwenye chujio la chai, kisha kwenye chekeche la unga wa ngano, nikaupata unga laini kama poda, chembe za kadiri ya sukari, na vipande ambavyo bado ungevitambua kuwa ni buni, vyote kutoka kikombe kimoja. Nilipoongeza muda, vipande vilipungua lakini vumbi likazidi, na kikombe chenyewe kikawa cha moto mkononi. Kubonyeza kwa mapigo mafupi huku ukiitikisa mashine kunasaidia kiasi, na kuchekecha baada ya kusaga kunasaidia zaidi, ingawa kila unachokiondoa kwa chekeche ni kahawa uliyoinunua. Aliyekwisha kuwa na mashine kama hii aitumie kwa dele, au kwa bizari na pilipili manga, ambako inafanya kazi vizuri mno.

Ya pili ilikuwa ya mkono, yenye meno ya kauri, kwa Sh 65,000. Hapa nilionja tofauti kwa mara ya kwanza. Meno ya mashine kama hii ni mawili, moja la nje lililotulia na moja la ndani lenye umbo la pia linalozunguka. Buni hushuka katikati yake na haiwezi kutoka mpaka imekuwa ndogo kuliko nafasi iliyoachwa. Nafasi hiyo ndiyo unayoipanga mwenyewe, na ndiyo inayoamua ukubwa wa chembe. Nilipoipanga laini, mashine yangu ilitoa unga mzuri kwa birika la moka, lile la kuweka jikoni ambalo mvuke husukuma maji kupita kwenye kahawa. Lakini nilipoilegeza kwa ajili ya birika la kioo lenye chujio la kusukuma, ambalo linataka chenga za kadiri ya chumvi ya mawe, mhimili ulianza kucheza. Mhimili ukicheza, nafasi baina ya meno inakuwa pana upande mmoja na finyu upande wa pili, na hilo huonekana kwenye unga. Tena ilinichukua karibu dakika tatu kusaga gramu 20, mashine ikiwa nimeibana kwa magoti. Kwa haki yake niseme kwamba kauri haishiki kutu, jambo ambalo kisiwani si dogo.

Mashine niliyobaki nayo ni Timemore C2, ya kutoka China. Mpwa wangu aliniletea kutoka Dubai, na pamoja na gharama ya kuileta ilinifikia kwa Sh 185,000. Ni fedha nyingi kwa kitu cha jikoni, na niliiwaza kwa miezi kadhaa kabla ya kuagiza. Meno yake ni ya chuma cha pua, yenye kipenyo cha milimita 38, na yamechongwa makali, kwa hiyo huikata buni pale ambapo kauri huiponda. Mhimili umeshikwa na beringi juu na chini, hauchezi. Gramu 20 husagika kwa kama dakika moja bila kuchoka, na kwa buni zilizokaangwa mpaka zikawa nyeusi, kama tulivyozoea hapa, ni upesi zaidi, maana buni iliyoiva sana huwa nyepesi kuvunjika. Zile zilizokaangwa kidogo ndizo zinazotaka nguvu ya bega. Nilirudia jaribio la chekeche kwa kahawa ileile. Vumbi lilikuwepo, kwani hakuna mashine isiyotoa vumbi, lakini lilikuwa kidogo, na sehemu kubwa ya kahawa ilikuwa chembe za kadiri moja, kama suji. Kikombe cha siku hiyo kilikuwa na utamu ambao sikujua kuwa umo katika buni zilezile nilizozinywa mwezi mzima.

Kipimo chake hupangwa kwa kukizungusha kitasa kilicho chini ya meno, ndani ya mashine, na kila hatua hulia "tik". Unaanza pale meno yanapogusana, kisha unahesabu ukirudi nyuma. Kwa karatasi mimi husimama hatua ya 20, kwa birika la moka hatua ya 14, na kwa birika la kusukuma hatua ya 26 au karibu na hapo. Kitasa kukaa ndani ni usumbufu, kwa sababu ni lazima ufungue kikombe cha chini kila unapotaka kubadilisha, na hakina alama za kukukumbusha ulipo. Hatua zake nazo ni pana, kwa hiyo mwenye mashine ya espresso, kahawa nzito inayokamuliwa kwa shinikizo, atafute nyingine.

Wapo watakaouliza kwa nini nisinunue ya umeme yenye meno. Mashine nzuri za namna hiyo zipo. Baratza Encore, yenye meno ya milimita 40 na vipimo 40, inasifiwa kwa haki, ila bei yake ni zaidi ya maradufu ya niliyoilipa. Zile za umeme za bei ya chini zinazoandikwa kuwa zina meno mara nyingi zina magurudumu butu yanayoponda tu. Na waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila umeme, hawahitaji kuelezwa thamani ya kifaa kinachokwenda kwa mkono.

Hewa yetu ya bahari inataka uangalifu. Chuma cha pua hakishiki kutu kwa wepesi, lakini maji na chumvi vikikaa pamoja juu yake kwa muda mrefu vitakitoboa, kwa hiyo mashine yangu haioshwi. Kila wiki naifungua, naipangusa kwa brashi kavu, na kukausha mafuta ya kahawa kwa kitambaa, kwa sababu mafuta hayo katika joto letu huchacha na kuharibu ladha ya kahawa mpya. Wapo wanaosafisha kwa kusaga mchele mkavu. Sishauri, maana mchele ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa. Na kwa sisi watu wa viungo lipo jambo kubwa zaidi: iliki, mdalasini na tangawizi kavu visisagwe humo kamwe. Harufu yake haitoki, na nyuzi za tangawizi hujisokota kwenye meno. Karafuu ni mbaya kuliko vyote, kwani mafuta yake hushambulia plastiki, na kikombe cha plastiki kilichosagiwa karafuu hupata ukungu na nyufa. Mimi huviponda viungo katika kinu kidogo cha shaba na kuvitia baadaye.

Anayekwenda madukani, iwe Darajani, Mlandege au Chake Chake, aombe mashine ifunguliwe mbele yake. Aushike mhimili na kuutikisa kwa vidole. Ukicheza ukiwa mpya, hautatulia ukizeeka. Ayatazame meno kama yana makali au ni mabonde tu ya plastiki. Kisha azungushe kipimo na kusikiliza kama kila hatua inashika mahali pake, na ahakikishe mpini unakaa imara, maana ukilegea kila kusaga ni kero.

Upungufu wa C2 ambao sijaupatia dawa ni ukubwa wake, kwani hupokea gramu 20 hadi 25 tu kwa mara moja. Kwa mtu mmoja au wawili inatosha kabisa. Mwezi wa Ramadhani, wageni wanapokuja baada ya tarawehe na kukaa barazani mpaka karibu na daku, hakuna atakayesaga mara sita mfululizo huku watu wanangoja, na siku hizo naitoa kahawa ya kinu, nalitia dele motoni, na ya karatasi naiweka kwa asubuhi ya Idi.