Nimelipia nasaba ya mama mkwe, nimeletewa ya watu wengine

Mama mkwe wangu ni Mmarekani mweusi wa Virginia. Umri umekwenda, na hana anachokitaka kama kujua asili ya yule babu wa mbali anayetajwa kwao kila wakikutana, fundi seremala wa zamani kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Basi mwaka juzi, au mwaka kabla ya huo, mimi mkaza mwana mwema nikajitia kimbelembele, nikailipa kampuni moja ya kutafuta nasaba. Kiasi sitaji, mume wangu asije akasoma.

Wakakaa na pesa miezi. Wakaleta kitabu cha jalada la ngozi, ukurasa wa kwanza nembo ya Mwingereza fulani, simba wawili wamesimama kama wanagombana. Kizuri, siongopi. Nilimwonyesha hata jirani.

Kisha nikakisoma. Wameandika babu aliachwa huru na bwana wake, na kuanzia hapo kurasa thelathini na kitu ni za bwana: wosia wake, mashamba yake, wajomba zake wa Uingereza. Yaani nimelipia ukoo wa mwenye watumwa!

Nyuma kabisa wamebandika nakala ya rejesta ya kaunti. Virginia ilikuwa na sheria, 1793 kwa miji na 1803 kwa kaunti, kwamba kila mweusi aliye huru ajiandikishe kwa karani, na uhuru wake aeleze kaupataje. Kwa babu, karani kaandika kovu kwenye gumba la kushoto, halafu maneno mawili: amezaliwa huru.

Amezaliwa! Tangu 1662 sheria ya huko ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Kwa hiyo mama yake babu alikuwa huru, na wa kutafutwa ni yule mama, si bwana yeyote. Mimi mtu wa Pangani. Kwetu mwungwana na aliyeachwa huru walijulikana mbali, na watu walitukanana kwa hilo.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea akanisikiliza, akakohoa, akaniuliza kama Kiingereza ni lugha yangu ya kwanza. Wallahi. Nikamwambia ni ya tatu, na bado nimesoma ukurasa ambao ninyi wenye ya kwanza hamkuusoma. Akaanza kunihadithia moto wa Richmond, mji mkuu wa Virginia, wa Aprili 1865, vita vikielekea mwisho, jinsi kaunti zilivyopeleka majalada yao kule yakahifadhiwe yakaishia majivu. Najua, mwanangu. Ila karatasi ninayokuuliza haikuungua, imo kwenye kitabu mlichoniuzia! Akasema atampa ujumbe mkubwa wake. Mkubwa huyo namngoja hadi leo.

Nikakaa mwenyewe na FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba ambayo haina malipo, usiku baada ya usiku. Sensa ya 1850 iliwaandika watu huru wote kwa majina. Watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana, kwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila majina yao. Babu yumo, kwa jina lake, seremala. Ilinichukua jioni mbili. Wao miezi ile walikuwa wanachora simba?

Nyota moja. Tena hata hiyo wamehongwa.

Ingawa, nikisema haki, bila ile nakala yao nisingejua pa kuanzia. Rejesta za namna ile unaweza kuzisaka mpaka macho yaume. Mbili basi, ya pili ni ya karani wa kaunti na lile kovu. Mama mkwe alipomsomea mume wangu habari ya kovu aliinyamazia kidogo, akarudia tena kuisoma.

Lakini yule kijana, hapana. Moja.

Na nembo mama kaichana kitabuni, kaitia fremu, iko sebuleni juu ya televisheni. Nilimweleza simba wale si wa kwao. Akasema anajua, ila wamependeza. Juzi kaniuliza kama kampuni ile inaweza kumtengenezea na dada yake. Nimemwambia nitaulizia.