Gemu la Kushindana na Washikaji: Anza na Simu Mbovu Kuliko Zote

Mbukwenyi, wadau! Mambo vipi? Niko hapa Dodoma, dirisha nimelifunga kwa sababu upepo wa leo unaingiza vumbi mpaka kwenye maiki, kwa hiyo mkiniona natokwa jasho mjue ni joto tu, siumwi.

Swali la leo mnaniuliza kila siku. Tuko washikaji kadhaa, tunataka gemu moja la kushindana, tuchukue lipi? Na anayeuliza huwa tayari ana majina yake mfukoni: Free Fire, PUBG Mobile, Mobile Legends. Anataka niseme lipi kali.

Mimi nakurudishia swali. Kwenye kundi lenu, nani ana simu mbovu kuliko wote?

Huyo ndiye anayechagua gemu. Sina utani. Wafugaji wa huku wanajua, kundi la ng'ombe linatembea kwa mwendo wa ndama. Mkichukua gemu la GB kadhaa kwa sababu wawili wenu wana simu kali, yule mwenye RAM ya GB 2 na storeji iliyojaa picha za harusi atacheza siku za mwanzo simu ikistaki na kuchemka, halafu atakuwa anawaangalia tu, halafu haji kabisa. Na akiondoka mmoja, wa pili hachelewi.

Sasa mtandao, na hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wanaogopa kitu kisichokuwa na shida. Wanaogopa bando. Gemu ukiwa unalicheza halili bando kihivyo, ni makumi ya MB kwa saa, video unayoniangalia sasa hivi inakula zaidi. Kinachomaliza bando ni kulipakua lile gemu na zile apdeti zake. Apdeti subiri Wi-Fi, ya chuo, ya ofisini, ya shemeji, popote.

Tatizo lenyewe ni umbali. Ukibonyeza kufyatua, taarifa inatoka kwenye simu, inakwenda mnarani, inateremka na waya mpaka Dar es Salaam, inaingia baharini, inasafiri mpaka iliko seva, yaani ile kompyuta inayoendesha gemu, halafu inarudi na majibu. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi ya ajabu, lakini piga hesabu: seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za waya, kwenda ni milisekunde 50, kurudi 50. Hizo ni 100 kabla mnara wa mtaani kwenu haujaongeza za kwake. Ndiyo ile namba ya pingi unayoiona kwenye kona ya skrini.

Ndiyo maana unajificha nyuma ya ukuta na bado unakufa. Wewe kwenye skrini yako umeshafika ukutani, kwenye seva bado uko njiani. Hujaonewa na mtu.

Na usiangalie ukubwa wa namba peke yake. Pingi ya 140 iliyotulia unaizoea, vidole vyenyewe vinajifunza kuwahi. Inayoruka kutoka 90 kwenda 300 na kurudi, hiyo haizoeleki. Huwa inaruka sana saa tatu usiku, watu wamerudi nyumbani Nkuhungu, Chang'ombe, Area C, mnara mmoja unabeba mtaa mzima. Ukiweza kucheza mchana au alfajiri utaona tofauti bila kubadilisha simu wala laini.

Lakini sikilizeni hii. Mkicheza wenyewe kwa wenyewe, kwenye chumba chenu, yaani mechi ya kwenu tu mnayoifungua ndani ya gemu, na wote mko Dodoma, umbali wa seva unawachelewesha wote takriban sawa. Aliyeko Ilazo na aliyeko Kisasa wote wana mzigo uleule. Kwa hiyo gemu linalowaruhusu kufungua chumba chenu na kufungana wenyewe linawafaa kuliko lile linalowapeleka kupambana na mtu aliyekaa jirani na seva. Kwangu mimi hicho kipimo kina uzito kuliko picha nzuri.

Twende kwenye magemu yenyewe.

Free Fire ya Garena, limetoka 2017. Kisiwa, watu 50, anayebaki hai mwishoni ndiye mshindi, mechi kama dakika kumi. Watu wanalicheka kwa picha zake, lakini lilitengenezwa likizifikiria simu za kawaida, na sisi wengi simu zetu ni hizo hizo. Msikae sana kwenye kile kisiwa. Nendeni kwenye Clash Squad: wanne kwa wanne, kila raundi unanunua silaha kwa pesa ya humo humo ndani, timu ya kwanza kufikisha raundi nne imeshinda. Mkiwa wanane mnagawana nusu kwa nusu, mnafungana, mnabadilisha timu, mnarudia. Ninachokichukia ni skini za bunduki, yale mapambo ya kununua, zinazoongeza nguvu. Mtu kaweka hela, bunduki yake inauma zaidi, halafu anakuambia "ni kipaji." Kwenye chumba chenu zimeni hizo nguvu za silaha kwenye mipangilio kabla hamjaanza. Atakayelalamika mnamjua ni nani.

PUBG Mobile, 2018. Ni gemu zuri, sibishi. Ila ramani ya Erangel ni kilomita nane kwa nane, watu mia moja, mechi inaweza kufika nusu saa. Timu ni watu wanne, kwa hiyo mkiwa sita wawili wanakaa benchi. Na ukifa mapema unabaki kuangalia wenzako wakitembea porini. Kwa washikaji wanaotaka kutaniana, nusu saa ya kuangalia wenzako wakitembea ni ndefu.

Call of Duty: Mobile, Oktoba 2019. Kwa ladha ya kufyatua, kwangu ndilo bora kwenye simu, watano kwa watano, mechi fupi. Storeji inakula bila aibu. Kama simu zote ziko vizuri, chukueni hili na muishie kuangalia hapa.

Mobile Legends ya Moonton, 2016. Hili ni la akili. Watano kwa watano, njia tatu, mnavunja minara mpaka mfike kwenye ngome ya wenzenu. Kwenye michezo ya SEA ya 2019 kule Ufilipino lilichezewa medali, kwa hiyo anayekuambia ni la watoto mwache alivyo. Kwa watano wanaopatana, hakuna gemu la simu linalolifikia. Shida ni kwamba linataka watano kamili, na wote wabaki mpaka mwisho. Umeme ukikatika, Wi-Fi ya nyumbani ikazima, wewe ukabaki unatafuta simu kwa tochi ya simu ya dada, wenzako wanamalizia wanne. Na gemu halijali sababu. Linakukata alama za uaminifu, na zikishuka sana linakufungia mechi za daraja, zile za kupanda ngazi. Mechi za daraja ingieni mkiwa na data za laini tayari zimewekwa, msitegemee Wi-Fi peke yake. Na jiandaeni na matusi, hasa mkichanganyika na watu msiowajua.

Sasa nitoke kwenye simu, maana nimeombwa niseme ukweli wangu. Kama mnaishi karibu, tuseme mko hosteli moja pale chuo kikuu, UDOM, au mtaa mmoja pale Makole, gemu bora la kushindana bado ni mpira kwenye PS, yaani PlayStation, TV moja, pedi mbili, anayefungwa anapisha. Pingi haipo, bando halipo. Na yule mwenye simu mbovu hana tatizo tena, anashika pedi ileile mliyoshika nyie. Halafu wale wasiocheza nao wanacheza kwa mdomo, na hiyo simu haitakupa.

eFootball ya Konami, ile iliyokuwa PES mpaka 2021, ni bure, na kwenye PS4 huhitaji kulipia PlayStation Plus, ule usajili wa Sony, kuicheza mtandaoni. EA Sports FC ndiyo iliyokuwa FIFA. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kwa jina lile, FC 24 ikaja 2023. Hii unainunua, lakini kwa watu wawili kwenye TV moja mimi naiona tamu zaidi, na timu zake zina nyota za kuonesha ukali wa kila timu. Tumieni hizo nyota! Mtaalamu wa mtaa akitaka kucheza na mgeni, achukue timu ya nyota tatu, mgeni achukue ya tano. Hapo mechi inakuwepo. Bila hivyo ni sita bila kila siku, na mgeni atakumbuka kwamba ana kazi nyingine za kufanya.

Ukinunua PS iliyokwishatumika, usiridhike kuona inawaka. Ingia kwenye mpira, acha pedi mezani bila kuigusa. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, ile analogi, kijiti cha kumwendesha mchezaji, imeshaisha, punguza bei au ondoka. Jaribu pedi zote mbili, muuzaji huwa anakupa nzuri kwanza. Na nyumbani, kwenye mipangilio ya picha ya TV, tafuta hali ya gemu uiwashe. TV nyingi bapa zinaichezea picha kabla ya kuionesha, na huo ucheleweshaji unausikia kwenye penalti.

Mkichoka mpira, Tekken, gemu la kupigana mmoja kwa mmoja. Hata ile Tekken 3 ya PlayStation ya mwaka 1998 bado inaweza kugombanisha ndugu. Sheria moja tu naisisitiza, Eddy Gordo, yule mpiganaji wa mateke, aruhusiwe mara moja kwa kila mtu. Mtu anaponda vitufe vya mateke macho yamefumba, anamshinda aliyejifunza mwezi mzima. Haiwezekani.

Na kama hakuna PS, hakuna bando, mko safarini kuelekea Kondoa au Singida, chukueni Mini Militia, gemu la simu la kufyatuliana risasi. Mmoja anawasha hotspot, wengine wanaunga, mnapigana bila intaneti kabisa.

La mwisho, mashindano ya Jumamosi, maana wengi mnayaharibu kwenye ratiba. Mko wanane, PS moja. Kila mtu akicheza na kila mtu ni mechi 28. Weka dakika 12 kila mechi na kubadilishana pedi, ni zaidi ya saa tano na nusu, hamtamaliza. Mtoano mtupu ni mechi saba, na wanne wanakwenda nyumbani baada ya mechi moja. Gaweni makundi mawili ya wanne: mechi sita kila kundi, nusu fainali mbili, fainali moja. Jumla 15, saa tatu kamili. Na kabla ya mechi ya kwanza kubalianeni kuhusu umeme: ukikatika, matokeo yanabaki yalivyokuwa, dakika zilizobaki zinachezwa ukirudi. Andikeni kwenye grupu la WhatsApp, maana anayeongoza na anayefungwa hawajawahi kukumbuka matokeo yanayofanana.