Kufuli la kununua Lamu: anzia kwenye mguu wa upinde

Kusi ikishika, malalamiko ya makufuli huanza kuingia kwenye simu yangu. Mama mmoja wa Shela amelikata kufuli la mlango wa uani kwa msumeno wa chuma, na funguo zake zote anazo mkononi. Mwalimu wa upande wa Faza amerudi kutoka likizo akakuta kabati la vitabu halifunguki. Kijana mwenye mashua Mokowe ameandika kwa herufi kubwa, nadhani kwa hasira: "DADA, KUFULI NI JIPYA!" Wote wanamalizia na ombi lile lile, niwatajie kufuli gumu kuliko yote.

Ugumu siupi nafasi ya mbele. Katika hao wote walioniandikia hakuna hata mmoja aliyevunjiwa na mwizi. Waliovunja ni wenye nyumba wenyewe. Unene, uzito na idadi ya funguo muuzaji atakueleza hata kabla hujamuuliza, kwa hiyo hayo nayapita. Ninachotaka ukitazame ni mguu wa upinde.

Upinde ni kile chuma kilichopinda kinachopita kwenye pete ya mlango. Una miguu miwili: mfupi unaochomoka ukifungua, na mrefu ambao hautoki, hubaki ukizunguka ndani ya tundu lake. Huo mrefu ndio unaowafungia watu nje. Mvua na umande wa bahari huteremka juu ya upinde, vikifika kwenye tundu vinasimama. Jua likitoka maji yanakauka, chumvi inabaki. Usiku chumvi inavuta unyevu upya, na asubuhi mchezo unaanza tena. Huko ndani chuma kimegusana na shaba ya manjano, ile mafundi wanayoiita brasi, na metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi moja huliwa na nyingine husalimika. Hapa kinacholiwa ni chuma. Na kutu ni kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo mguu unavimba ukiwa umebanwa ndani ya tundu. Unatia ufunguo, unazunguka vizuri, unasikia kabisa kwamba kufuli limeachia, lakini upinde hauruki. Mtu anakimbilia kuchonga ufunguo mwingine, na ufunguo hauna kosa.

Ukilitazama kwa nje kufuli bado linang'aa. Upinde wa kawaida hupakwa utando mwembamba wa kromiamu au nikeli, na pete ya mlango huusugua kila unapofunga. Utando ukichubuka mahali padogo tu, kutu hupenya chini yake na kutambaa kuelekea ndani, ambako huioni.

Kwa hiyo nenda dukani na sumaku. Ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Gusa mwili wa kufuli kwanza. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki na haishikwi na sumaku. Ikiganda, umeonyeshwa chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, rudisha. Isipoganda usishangilie bado, kwa sababu kuna miili ya zinki iliyopakwa rangi ya shaba nayo haishikwi. Fungua kufuli, chungulia ndani ya tundu la mguu mfupi: shaba ya kweli ni ya manjano mpaka ndani, ya bandia ina kijivu. Kisha gusa upinde. Sumaku ikiung'ang'ania, karibu kila mara ni chuma cha kawaida hata kama kinang'aa kama kioo. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 au 316 hakishikwi, au hushikwa kwa mbali sana pale kilipopindwa.

Hizo namba mbili si za mapambo. 304 ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, nayo ndiyo inayopambana na chumvi. Kwa nyumba iliyo ndani ya vichochoro vya Mkomani, ambako upepo wa bahari hauji moja kwa moja, 304 itakutosha, ingawa itaota madoa ya rangi ya chai. Kwa nyumba inayotazama bahari Shela, au kwa chombo, tafuta 316.

Sasa nipange. Nitasema wazi kwamba nina upande.

Namba moja ni Abus 70IB, na ya pili iko mbali. Abus ni kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1924. Kufuli hili lina mwili wa shaba ya manjano uliovikwa koti la plastiki, kifuniko juu ya tundu la ufunguo, na upinde wa chuma kisichoshika kutu. Herufi IB baada ya namba ndizo zinazoonyesha upinde huo. Ukiuziwa 70 bila IB, umeuziwa koti zuri juu ya upinde ule ule ninaoulalamikia. Koti lenyewe lina faida nyingine ambayo wanaoishi kwenye nyumba zenye milango ya kuchongwa wataielewa: halipigi mbao kila upepo ukivuma, wala haliachi alama ya kijani kwenye mlango wa babu yako.

Kasoro yake naijua. Chuma kisichoshika kutu kwa kawaida ni laini kuliko upinde uliopikwa ukawa mgumu, kwa hiyo mkasi mkubwa wa kukatia vyuma utaukata kwa urahisi zaidi. Kweli. Lakini nenda ukaitazame pete ya mlango wako. Imeshikwa na misumari michache kwenye mbao za zamani, na fremu imekaa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwizi mwenye akili atashughulika na pete, kufuli hatalitazama.

Namba mbili ni Abus 65IB, lile lisilo na koti. Ni nafuu kidogo na metali zake ni zile zile za maana. Kwa mlango wa ndani, stoo au lango lililo chini ya paa, sioni sababu ya kulipia plastiki.

Namba tatu nawaweka pamoja Yale na Viro wa Italia, kwa sharti. Yale ni jina kubwa, na kwa haki: Linus Yale mdogo, wa Marekani, alipewa hataza ya kufuli la pini mwaka 1861, na makufuli mengi tunayoning'iniza leo yanatumia pini kwa mtindo huo. Miili yao ya shaba ni mizuri. Tatizo ni kwamba yaliyojaa madukani kwetu yana upinde wa chuma uliopakwa, uliopikwa ukawa mgumu kweli kweli, na ambao kwa bahari yetu ni bure. Ukipata lenye upinde usioshika kutu, lipandishe hadi namba mbili. Ukilikosa, lifunge mahali pakavu.

Namba nne, Tri-Circle na ndugu zake wa mia chache: kwa sanduku la nguo chumbani, basi.

Ya tarakimu usinunue. Mchanga wa Lamu ukiingia kwenye yale magurudumu hautoki.

Wenye mashua mnaouliza kuhusu mashine, msifunge kwa kufuli na mnyororo mkadhani mmemaliza. Mnyororo wenyewe utaoza kabla ya kufuli. Kuna kufuli refu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, linalovikwa juu ya mikono miwili ya skurubu zinazobana mashine kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, mpaka skurubu zisizungushike. Hapo chagua la 316 na usikubali porojo.

Na porojo ndizo zinazonifikisha kwa wauzaji. Mwezi uliopita niliingia duka moja hapa Usita wa Mui, sitalitaja, nikatoa sumaku yangu. Muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikagusa kufuli la "brasi, mama, orijino kabisa", sumaku ikaganda tap! Akaniambia hiyo ni kwa sababu ya springi za ndani. Springi gani, baba? Springi ya kufuli ni nyembamba kama unywele na sumaku iko upande wa pili wa mwili mzima. Akacheka, akalirudisha kwenye rafu, na bila shaka mteja aliyenifuata ameliuziwa kwa jina lile lile la orijino. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu 2008, lakini sheria haina miguu ya kupanda boti ya Mokowe kila asubuhi ije kugusa makufuli. Sumaku yako ndiyo askari wako.

Halafu bei. Ukiuliza kwa nini kufuli la Mombasa likifika Lamu limepanda hivyo, jibu ni "usafiri". Nilikuwa nikilikubali jibu hilo enzi basi likikwama kwenye matope ya Witu siku nzima. Barabara ya Garsen kuja huku imetiwa lami, na mateso ya njia yamepungua, lakini bei hazikusikia habari hiyo. Saruji naielewa, inabebwa kwenye boti na kisha juu ya punda. Kufuli linakaa mfukoni mwa kanzu! Ukiwa na ndugu anayekwenda Mombasa, au hata Malindi, mtume. Mpe namba kamili ya kufuli kwenye karatasi, kwa sababu ukimwambia "niletee Abus" atakuletea lolote lenye jina hilo, kisha utamlaumu bure.

Ukishalipata, namna unavyolining'iniza ni nusu ya maisha yake. Tundu la ufunguo litazame chini. Nimeona malango ambayo pete imepigwa kwa upande, kufuli likalala chali, na tundu la ufunguo likageuka kisima. Geuza pete, usigeuze kufuli. Makufuli mazuri yana kitundu kidogo cha kutolea maji chini. Kisizibwe na rangi ya lango wakati fundi anapaka. Wengine hukata kipande cha tyubu ya pikipiki wakalivika kufuli kama kofia. Ni wazo zuri iwapo upande wa chini uko wazi. Ukilifunga pande zote kwa mfuko wa plastiki unalipikia jasho, na jasho hilo lina chumvi.

Kulitunza si kazi. Kabla ya Kusi, na tena Kaskazi ikiingia, lioshe kwa maji baridi ya kunywa, si ya kisima cha karibu na pwani ambayo yenyewe yana munyu. Fungua upinde, mwagia hasa kwenye tundu la mguu mrefu, likung'ute, lianike mpaka likauke ndani. Kisha tia matone ya mafuta ya cherehani: kwenye mguu mrefu, kwenye mguu mfupi, na kidogo kwenye tundu la ufunguo. Zungusha mguu mrefu mara kadhaa ili yashuke. Mafuta ya nazi na ya kupikia acha jikoni, yakikaa yanageuka gundi na kukamata vumbi. WD-40 inafukuza maji vizuri, ndiyo kazi yake, lakini inayobaki baada yake ni ngozi nyembamba sana, kwa hiyo itumie kisha ufuatishe mafuta. Unga wa grafaiti, ule mweusi wa kalamu ya risasi, unasifiwa sana na watu wa bara. Huko una maana. Kwetu unapokutana na chumvi unasaidia metali kuliana kwa kasi zaidi, kwa hiyo mimi siutii.

Kama limeshagoma, usipige nyundo na usilazimishe ufunguo, ukikatikia ndani umemaliza habari. Limwagie mafuta ya taa kwenye matundu yote mawili ya upinde na uliache usiku kucha. Asubuhi ligonge taratibu kwa mpini wa kisu ubavuni, zungusha ufunguo huku mtu mwingine akivuta mwili wa kufuli chini. Siki au ndimu nazo hula kutu, lakini zisilale humo, kwa sababu hula na zinki ya shaba ya manjano mpaka mwili ukageuka wa waridi na kuwa dhaifu. Nusu saa, kisha maji mengi, kisha mafuta. Ikishindikana kabisa, kata upinde wa kufuli, na umzuie fundi yeyote anayetaka kung'oa pete ya mlango kwa sababu ni haraka zaidi. Kufuli utanunua jingine. Mlango wa kuchongwa ukipasuka kwenye pete, seremala wa kuurudisha ulivyokuwa atakutoza fedha ambazo zingenunua 70IB za nyumba nzima.