Kamusi ya kwenye simu: nimeipima kwa neno KICHWA, nyota mbili tu

Wadau habari zenu. Hii programu ya kamusi ya Kiswahili nimekaa nayo miezi miwili, jina siliweki hapa maana sitaki kumharibia mtu biashara, ila nimelipia elfu tano ya mwaka mzima kuondoa matangazo kwahiyo naona nina haki ya kusema.

Dogo langu yuko la sita, akarudi na homuweki ya kutunga sentensi sita za neno kichwa, kila moja na maana yake. Nikamwambia fungua kamusi. Ikaleta maana mbili: sehemu ya mwili iliyo juu ya shingo, na kichwa cha habari. Basi. Mtoto ananiangalia na mimi sina cha kumwambia.

Jamani hili neno tunalo kila siku hapa Dar! Konda wa Mbagala akipiga kelele "bado vichwa viwili tuondoke" anataka abiria wawili. Lori likitoka bandarini bila tela tunasema kimepita kichwa. Hii treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2024, kinachovuta mabehewa ni kichwa, tena cha umeme. Fundi cherehani nae anakuuliza unanunua kichwa peke yake au na meza yake. Halafu kuna "yule binti ni kichwa" yaani akili zake sio za kawaida, alafu kichwa hicho hicho ukikiongezea ngumu inakuwa lawama, na ukisema mtu ameingia kwenye biashara kichwakichwa kila mtu anajua hakupiga hesabu. Wazee wetu walilipa kodi ya kichwa enzi za mkoloni. Mtoto akimpanda mzazi kichwani hakuna aliyepanda popote, ni deko limezidi. Hayo yote hayamo, hata moja.

Kilichoniuma zaidi sio hicho. Ukiandika "vichwa" inakwambia neno halipo!! Kiswahili chetu maneno yanabadilikia mwanzoni, ki inakuwa vi, m inakuwa wa, sasa mtoto au mgeni anayejifunza atajuaje kwamba lazima arudi kwenye umoja kwanza? Ukiandika "kichwani" pia hola. Hapa ndio naona waliotengeneza wamechukua mfumo wa kamusi ya lugha nyingine wakamwaga maneno yetu humo, na mifano ya sentensi hakuna kabisa, wakati neno kama hili bila sentensi huwezi kulielewa.

Uzuri wake upo nao niseme, inafunguka bila bando, ni nyepesi, hata simu ya zamani inaibeba, na maneno ya kisheria imeyaeleza vizuri kweli, mimi mwenyewe yamenisaidia kusoma mkataba wa pango.

Homuweki tuliimaliza kwa kumpigia bibi yake Tanga na kumuuliza jirani yetu wa Mombasa, ambaye alituambia kwao wanasema kitwa, dogo akafurahi sana akaiandika pembeni ya daftari.

Waliotengeneza niliwaandikia wiki tatu zilizopita, wakajibu kwa adabu kwamba wanalifanyia kazi. Leo asubuhi nimeandika tena "vichwa". Neno halipo.