Mwaka na nusu na BIM ofisini kwetu (siyo ile bimu ya zege)

Wadau habari zenu. Kuna watu wananiuliza kila siku kama hii BIM (Building Information Modelling, yani kulijenga jengo zima kwenye kompyuta kama modeli ya 3D yenye taarifa za kila kipande) inafaa kwa ofisi ndogo au ni mbwembwe za makampuni makubwa tu, basi ngoja niandike yaliyonikuta. Sisi tuko Dar, ofisi ya watu sita, miaka yote tumechora kwa AutoCAD, ile programu ya kuchora kwa mistari. Aliyenitia hamu ni rafiki yangu yuko Dubai, kule manispaa ilishaagiza tangu 2014 kwamba majengo makubwa lazima yaje na BIM, akawa ananitumia picha mpaka nikaona wivu. Tukachukua Revit, programu ya kufanyia BIM.

Kwa asiyejua, huchori mistari miwili ukasema huu ukuta, unaweka ukuta wenyewe, una kimo, una unene, unajulikana ni wa tofali gani, na ukisogeza dirisha kwenye plani linasogea kwenye sekisheni (mchoro wa jengo lililokatwa wima) na kwenye jedwali la madirisha hapohapo. Zamani nikisogeza dirisha narekebisha shiti nne kwa mkono na moja lazima niisahau.

Kilichofanya niikubali ni choo. Tulikuwa na hosteli ya ghorofa nne, bomba la inchi 4 linatoka choo cha kona linatembea mita 9 mpaka kwenye dakti, ule uwazi wa wima wa kushushia mabomba. Kwenye mchoro wa maji ni mstari tu umenyooka, hauna neno, na mchoro wa bimu (boriti za zege) uko shiti nyingine kwa injinia, sasa nani anakaa kuzipandanisha? Nilipoliweka bomba kwenye modeli na mteremko wake wa 1 kwa 40, yani mpaka linafika limeshashuka sentimita 22 na nusu, likazama tumboni mwa bimu mbili. Tukahamishia dakti upande wa pili wa korido kabla hata mbao za slabu hazijafungwa. Kazi moja ya nyuma tuligundua kitu kama hicho zege limeshakauka, fundi anatoboa bimu kwa tindo na nyundo, nondo ziko nje zinachungulia, injinia nusu alie.

Ila msidhani inakuletea jibu mezani. Ukiiambia itafute migongano inakutolea mia tatu na kitu, nyingi upuuzi mtupu, kiboksi cha soketi kimegusa ukuta nayo inahesabu, unashinda siku nzima unachambua kama mchele wenye mawe.

Saiti sasa. Siku ya kwanza nikasema jamani hii kazi tunaifanya kwa BIM, mzee mmoja fundi nondo akanitazama, "Bimu ipi dada, ya ghorofa ya ngapi?" Watu wakacheka, nikacheka na mimi. Nikampa simu, akaizungusha kwa kidole, akaikuza pale nguzo inapokutana na bimu tatu, akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hapa mwanangu nondo zitabanana, zege litapita wapi?" Na modeli yetu ilikuwa haina nondo hata moja! Aliziona kichwani mwake. Injinia akaenda kuangalia tena mpangilio wa hapo, na toka siku hiyo kila kona ngumu namwonyesha mzee kwanza.

Aibu niliyopata mimi ilikuwa kwenye tofali. Nilimpelekea QS wetu (mkadiriaji wa vifaa na gharama) idadi kutoka kwenye modeli kwa majivuno kabisa, akarudi ananiuliza hizi tofali hewa zinalipwa na nani? Kumbe kuta nilizipandisha kutoka sakafu mpaka sakafu, mita 3 kamili, na juu yake kuna bimu na slabu yake sentimita 45, programu ikahesabu tofali mpaka ndani ya zege. Mita 120 za ukuta zilizo chini ya bimu mara hizo sentimita 45 ni mita mraba 54, karibu tofali 500 kila ghorofa. Kosa langu, sikuziunganisha kuta na bimu. Inahesabu ulichochora, haihesabu kitakachojengwa.

Gharama ndo panapouma. Leseni ya kudumu ya Revit haiuzwi tena tangu 2016, unalipia kwa kipindi na bei inatembea na dola. Toleo la LT ni nafuu lakini hamuwezi kufanya kazi watu wawili ndani ya modeli moja. Mac hamna kitu, ni Windows tu. Laptopu yangu ya RAM 8 ilikuwa inalia feni kama mashine ya kukoboa, nikanunua desktopu used Kariakoo yenye 32, na UPS juu, maana umeme ukikatika kabla hujasevu utaita majina yote. Halafu faili la toleo jipya halifunguki kwenye la zamani, kwa hiyo kabla hamjaanza kazi na konsalta mwingine ulizaneni mko toleo la mwaka gani, au mbadilishane kwa IFC, aina ya faili inayosomwa na programu tofauti za BIM, ingawa ikija hivyo kuihariri ni shughuli.

Wanafunzi nyie mna leseni ya bure ya masomo, itumieni sasa kabla hamjamaliza chuo. Sisi yetu inaisha mwezi wa 11, tumekubaliana tunalipia mbili, wengine watafungua modeli kwa viewer (programu ya kutazama tu) ya bure ya kwenye brauza. Nyumba za chini za vyumba vitatu bado nachora AutoCAD.