Ruff, programu ya kukagua msimbo wa Python, kwenye folda ya majaribio: uzoefu wangu wa miezi saba

Nilikuwa kwenye basi la mwendokasi, Dar es Salaam, natoka Kimara, hatujafika hata Ubungo, simu ikaita. Alikuwa mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana kule Mbagala Rangi Tatu, wanaotumia mfumo wetu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Mwanangu, mwanachama wangu kalipa elfu hamsini, deni limepanda. Lilikuwa laki na themanini, sasa linasoma laki mbili na thelathini. Huyu mtu nimwambie nini?"

Alikuwa ameingiza rejesho likiwa na alama ya kutoa mbele, -50,000, na mfumo ukalipokea. Ukitoa hasi unajumlisha, kwa hiyo deni likapanda badala ya kushuka hadi 130,000. Nilimrekebishia siku hiyohiyo. Lililoninyima usingizi ni kwamba tulikuwa na jaribio (msimbo mfupi unaopima kama mfumo unafanya kazi sawa) la jambo hilohilo, na kila siku lilikuwa linapita. Liko hivi, kwa Python na pytest, kifaa cha kuendesha majaribio; linasubiri mfumo utupe kosa ukipewa kiasi hasi:

def test_rejesho_hasi_linakataliwa(mkopo):
    with pytest.raises(Exception):
        pokea_rejesho(mkopo, kiasi_hasi)

Jina kiasi_hasi halikuwa limetangazwa popote kwenye faili lile. Lilikuwepo zamani, mwenzetu mmoja alipopanga upya data za majaribio akalibadilisha juu, chini likasahaulika. Python hailalamiki mpaka ifike kwenye mstari wenyewe, na ikifika hutupa NameError, yaani kosa la jina lisilojulikana. Sasa NameError nayo ni aina ya Exception, jina la jumla la makosa mengi ya Python, na jaribio letu lilikuwa linasubiri Exception yoyote ile. Likaipata, likaridhika, likawaka kijani. Python hutafuta thamani za vigezo kabla ya kuita fanksheni, kwa hiyo pokea_rejesho haikuwahi kuitwa hata mara moja. Baadaye tulipohamisha hesabu za marejesho kwenda faili jingine, ukaguzi wa kiasi hasi ukaachwa nyuma, na jaribio lililowekwa kulinda mlango huo likaendelea kusema kila kitu kiko sawa.

Ofisini Kijitonyama niliketi na Ruff. Tulikuwa nayo tayari kwenye mradi, lakini kwenye pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi, kulikuwa na mstari unaoiambia iache folda ya tests, yaani ya majaribio. Aliyeuweka alikuwa na sababu ambayo wengi wetu tunayo: haya ni majaribio tu, hayaendi kwa mteja. Niliufuta mstari huo, nikaandika:

ruff check tests --select F821

F821 ndiyo namba ya kosa la jina lisilojulikana. Ruff inausoma msimbo tu, haiuendeshi. Inafuata kila jina na kuuliza limetangazwa wapi, na kwa kuwa imeandikwa kwa Rust, lugha ya programu yenye kasi, inamaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe, hata kwenye laptopu yangu ya zamani. Haihitaji intaneti ikishasakinishwa, jambo zito kwa mtu anayehesabu bando. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi. Ukaguzi wenyewe wa majina umetoka kwa Pyflakes, kikaguzi cha zamani zaidi, kwa hiyo anayetumia Flake8, kikaguzi kingine kinachoitumia Pyflakes, atakutana na namba hiyohiyo ya F821 na atapata faida karibu ileile.

Ikaleta majina matano. La kwanza lilikuwa kiasi_hasi. Mawili yalikuwa ndani ya vipande vya except, mahali ambapo Python hufika tu siku mambo yanapoharibika. Moja lilikuwa kwenye jaribio lenye skipif (amri ya kuruka jaribio kwa sharti fulani), linalorukwa kwenye mashine zetu zote, na la mwisho kwenye ujumbe wa assert, amri inayodai jambo fulani liwe kweli. Hili la mwisho nalipenda kulieleza kwa wadogo zangu kazini, maana ujumbe wa assert husomwa na Python pale tu assert inapofeli. Yaani siku unayohitaji kuambiwa nini kimeharibika, unaambiwa habari ya jina lisilokuwepo.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe faili mbili zilikuwa zinaanza na from misaada import *, yaani leta majina yote yaliyo kwenye misaada, na nyota ile inaifumba Ruff macho. Haiwezi kuapa kwamba jina halipo, pengine limeingia na nyota, kwa hiyo badala ya F821 inatoa F405, onyo la jina lenye shaka, na mimi nilikuwa nimeomba F821 peke yake. Nilipoandika majina moja moja badala ya nyota, yakatokea mengine mawili. Ukijaribu kwako, usifanye kosa langu: washa kundi zima la F.

Kundi hilo lilinipa na kingine ambacho sikukitafuta. F811 ilionyesha faili lenye majaribio mawili yenye jina moja, mtu alinakili akasahau kubadilisha. La pili hufuta la kwanza, na pytest haijui kama la kwanza liliwahi kuwepo. Lile lililofutwa lilikuwa la riba ya mwezi wa mwisho wa mkopo. Nililipa jina lake, likaendeshwa, likapita, nikashukuru Mungu.

Kuna usumbufu, lazima niuseme. Ukiingiza fixture ya pytest (data au kifaa kinachoandaliwa kwa ajili ya majaribio) kutoka faili jingine kwa import, Ruff italalamika kwamba hujaitumia, kisha italalamika tena kwamba umeitangaza upya kama kigezo cha jaribio. Dawa ni kuhamishia fixture kwenye conftest.py, ambako pytest huipata yenyewe. Tulitumia mchana mzima kuhamisha, na folda ikawa safi kuliko mwanzo.

Kuna pia isivyoviona. Ukiandika mkopo.sallio badala ya mkopo.salio, F821 haihusiki. Jina mkopo lipo, kilichokosewa ni kilicho ndani yake. Jina lililopewa thamani ndani ya if bila else nalo linapita, ingawa siku if ikikataa utakuta UnboundLocalError, kosa la jina ambalo halijapewa thamani. Kwa hilo Pylint, kikaguzi kingine, ina ukaguzi wake, na mypy, inayokagua aina za data, inao pia ukiuwasha. Ila mypy kwa kawaida haiingii ndani ya fanksheni isiyoandikwa aina, na majaribio mengi tunayoandika hayana aina kabisa. Nilikuwa nimeiendesha kwa mwaka mzima nikiamini inasoma majaribio yangu, kumbe inayapita juu juu. Chaguo la check_untyped_defs ndilo lililoifungulia mlango.

Sasa Ruff inaendeshwa kila mtu anapohifadhi kazi kwenye Git, kifaa cha kutunza matoleo ya msimbo, majaribio yakiwemo, na ikikataa kazi haiendi. Siku za mwanzo mwenzangu mmoja alinung'unika, "Kaka, hii inatuchelewesha." Nikamwonyesha lile jaribio la rejesho hasi, mistari mitatu tu. Alikaa kimya akiisoma, halafu akaenda kupitia majaribio yake mwenyewe bila kuambiwa.

Nimeipa nyota nne kati ya tano kwa kazi hii, nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya jambo ambalo Ruff inalo lakini halijawashwa mwanzoni. Ukaguzi wa B017 hukamata pytest.raises(Exception) yenyewe, yaani mtego uleule ulioficha jina letu, na lazima uiombe kwa mkono. Nimeiomba. Iliorodhesha sehemu kumi na tisa kwenye majaribio yetu, na kila moja naibadilisha itaje kosa lenyewe linalotarajiwa. Kwa rejesho hasi tayari ni KiasiBatili. Zimebaki kumi na moja, na nimeanza na zile zinazogusa pesa za vikundi.